Mhariri Anayewarudishia Watu Maneno Yao

Saa tatu asubuhi ukungu wa Timboroa bado haujaamua kama utaondoka. Jikoni kwa Mama Virginia Waiyego moto umekolea, sufuria ya viazi inatokota, na Namalwa Wasike amekaa kwenye kigoda karibu na mlango ili apate mwanga. Magotini ana makala ya kitaalamu kuhusu sheria ya urithi. Anaisoma kwa sauti, akiitoa Kiingereza na kuitia Kiswahili papo hapo, bila kusita.

"Mahakama iliona," anasoma, "kwamba ndoa haithibitishwi na mbuzi peke yake."

Mama Waiyego, aliyeshika kisu na kiazi, anaitikia kwa kichwa. "Hapo ni ukweli. Endelea."

Upande wa pili wa moto amekaa mama mkwe wake, kikongwe wa miaka tisini na moja, amejifunika blanketi hadi kidevuni. Macho ameyafumba. Mgeni angedhani amelala.

Hii ndiyo kazi ya Namalwa, ingawa sehemu hii haikutajwa siku alipoajiriwa. Yeye ni mhariri msimamizi wa Jarida la Sheria na Jamii, linalotolewa mara mbili kwa mwaka na kituo kidogo cha utafiti mjini Eldoret. Wasomaji wake ni wahadhiri, mawakili, mahakimu, na wanafunzi waliolazimishwa. Hakuna anayelisoma ili apate usingizi mzuri, naye hulisema hilo mwenyewe kabla hujamwambia.

Wahariri wengi wa majarida ya namna hii huimaliza kazi mezani. Namalwa akipata makala inayosimulia maisha ya mtu aliye hai, humfuata mwenyewe hadi kwake na kumsomea kabla haijachapishwa. Mtu akisema mambo hayakuwa hivyo, huandika pembeni. Akisema toa, hutoa, hata kama mwandishi ana shahada tatu na hasira nne.

"Polisi akiandika statement yako lazima akusomee ndiyo uweke sahihi," anasema. "Sasa profesa anaandika maisha yako kurasa ishirini na hakusomei. Nani alimpa hiyo ruhusa?"

Tabia hiyo aliitoa kortini. Namalwa, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alikulia Soy, ambako wazazi wake walihamia kutoka Bungoma wakafanya vibarua kwenye mashamba ya mahindi. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi ya ukarani kortini, na punde si punde wakagundua kuwa ana kinywa. Wakamfanya mkalimani wa mahakama. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minne.

Mkalimani wa kortini ana sharti moja ambalo watu wa nje hawalijui. Shahidi akisema kwa lugha yake, "Nilimwona," mkalimani haruhusiwi kusema, "Anasema alimwona." Anasema, "Nilimwona." Anaazima nafsi ya mtu, anaivaa, na kesi ikiahirishwa anaivua.

"Nimekuwa mwizi wa ng'ombe asubuhi na mwenye ng'ombe mchana," anasema, na kucheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kuna siku nilikuwa bwana na bibi wanaoachana, wote wawili. Nikifika nyumbani nimechoka na ndoa yangu, na Wasike hajanikosea chochote."

Wasike, mumewe, ni mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyemhimiza asome sheria jioni jioni hadi akapata digrii. Wengi walidhani atatoka hapo awe wakili. Badala yake aliona tangazo la kazi ya jarida, akaomba, akapewa. Mshahara wake sasa ni shilingi elfu arobaini na tano kwa mwezi, chini ya ule wa kortini, na nauli ya kuwafuata watu makwao hutoa mfukoni mwake. Wasike hulalamika kwa utani kwamba alioa mke mmoja akaletewa na jarida, na kwamba jarida ndilo linalolala upande wa ukutani.

Ofisi yenyewe iko ghorofani, juu ya agroveti, duka la dawa za mifugo, katika mtaa ambao malori ya mahindi hupita mchana kutwa. Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe hupanda ngazi pamoja na wageni. Humo ndani kuna meza mbili, kabati la matoleo ya zamani, na birika la umeme linalofanya kazi likigongwa.

Makala ikifika, kazi ya kwanza ya Namalwa ni kufuta jina la mwandishi na kuituma kwa wasomaji wawili wa siri, wataalamu watakaoipima bila kujua ni ya nani. Ndivyo majarida ya kisomi yafanyavyo duniani kote. Eldoret, hata hivyo, siri ina kazi ngumu. Mwaka mmoja alipokea sifa nyingi mno kutoka kwa msomaji wa siri, akashuku, akaulizauliza. Kumbe alikuwa mume wa mwandishi. Wote wawili walikuwa wakiimba kwaya moja na Namalwa, na walikaa Jumapili tatu bila kumsalimia.

Mtu mwangalifu kiasi hiki hukosea wapi? Hukosea pale pale anapojivunia.

Makala anayoisoma leo jikoni iliandikwa na Dkt. Isaiah Odera, mhadhiri wa sheria kutoka Kisumu. Inaeleza kesi ya Mama Waiyego. Mumewe alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, mashemeji walitaka kumwondoa kwenye shamba lake la viazi. Walisema hakuwa mke. Kwa Wakikuyu ndoa hufungwa kwa mbuzi wa ngurario, ambaye huchinjwa mbele ya koo mbili, na mashemeji walidai mbuzi huyo hakuchinjwa kamwe.

Mama mkwe aliitwa kortini. Akashika Biblia, akaapa, akasema mwanamke yule alikuja tu kama kibarua wa kuchimba viazi, akakaa. Wazee waliokula mbuzi walikuwa wamekufa, na waliobaki hai walipoteza kumbukumbu kwa namna ya kutia shaka.

Hakimu alimuuliza mjane swali moja ambalo hakuna wakili aliyelitarajia: binti yako wa kwanza anaitwa nani?

Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Hulichagui, hulibuni, hulitoi gazetini. Binti wa kwanza wa Mama Waiyego alikuwa amepewa jina la bibi huyo huyo aliyekuwa ametoka kuapa. Tena bibi alikuwa amekuja na uji kumtazama mtoto, na majirani walimwona. Hakimu akaandika kwamba ukoo hauwezi kumpa mtoto wa kibarua jina la mama wa boma. Mjane akabaki na shamba lake.

Hoja ya Dkt. Odera ni kwamba jina ni ushahidi. Makala nzima inasema hivyo, mwanzo hadi mwisho.

Kwa sababu watafiti huapa kuwaficha watu wanaowahoji, Dkt. Odera alimwita mjane "Bi. W." Hapo ndipo Namalwa alipoingia. Yeye hachukii kitu kama kuona mtu amegeuzwa herufi. Herufi hailii, anasema, haina shamba, wala haifiwi. Makala ikija na herufi, kwa idhini ya mwandishi yeye huzitoa na kuwapa watu majina ya kubuni, ili msomaji akumbuke kwamba ni binadamu. Mjane wa Timboroa akampa jina Wangari.

"Niliona ni jina poa, la kawaida," anasema. "Kwetu jina linaweza kuletwa na msimu. Mimi nilizaliwa wakati pombe inapikwa, ndiyo maana naitwa Namalwa. Sikufikiria mara mbili."

Majina ya kimila ya wasichana wa Kikuyu si mengi. Wenyewe huwataja binti tisa wa mwanzo, walioanzisha koo zao, na Wangari ni mmoja wao. Ukirusha jiwe sokoni Timboroa siku ya soko, utampata Wangari, na mwingine atakusaidia kumpeleka zahanati.

Novemba mwaka jana, Namalwa alikuja jikoni humu kwa mara ya kwanza kusoma. Hakuwa amewahi kukutana na familia hiyo. Alikuwa hata hajamaliza ukurasa wa pili Mama Waiyego alipokiweka kisu chini.

"Unasema nani alienda kortini?"

"Wangari. Ni jina tu ya kukuficha, Mama."

"Wangari ni huyo."

Akakiokota kisu na kuelekeza ncha yake upande wa pili wa moto, kwenye blanketi.

"Wangari ni mama ya bwana yangu. Umetafuta majina yote ya Kenya, ukanipatia ya mtu alinikataa."

Namalwa anasema alitamani ardhi ipasuke. Aibu ile bado anaisikia akiisimulia, na haifichi. "Makala ilikuwa inaniambia jina ni ushahidi, jina ni ushahidi, na mimi hapo kando nagawa majina kama peremende. Ingetoka vile, watu wa hapa wangesoma kwamba Wangari ndiye alidhulumiwa. Ningekuwa nimepindua kesi."

Alijitolea kumtafutia jina lingine, lolote alitakalo. Mama Waiyego akakataa. Alitaka lake.

"Nilikuwa naitwa kwa mlango ya korti, kwa nguvu, 'Virginia Waiyego!' na watu wote wanageuka," anaeleza. "Waliita hivyo miaka mbili. Hakuna mtu alikuja kuniambia jina yangu ni siri. Sasa nimeshinda ndiyo mnataka kunificha?"

Lilikuwa ombi dogo na liligharimu sana. Utafiti ulikuwa umeruhusiwa na kamati ya maadili kwa sharti la kuficha majina, na ni kamati hiyo tu ingeweza kulegeza sharti hilo. Kamati hukaa Eldoret mara moja kwa mwezi, na haina haraka na mtu. Namalwa aliiondoa makala kwenye toleo lililokuwa tayari, akahangaika kutafuta nyingine ya kuziba pengo, na toleo likatoka limechelewa.

Kuchelewa huko kulikuwa kwa pili mfululizo. Hilo linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo linalomkosesha Namalwa raha. Jarida la kisomi huishi kwa kuwa kwenye orodha ya majarida yanayotambulika. Mhadhiri akichapisha kwenye jarida la orodha, huhesabiwa anapotaka kupandishwa cheo. Likiondolewa, hahesabiwi, kwa hiyo haleti makala, na jarida lisilo na makala ni kabati tu. Kanuni ya orodha hiyo inasema ukichelewa mara tatu mfululizo unaondolewa, na kuomba kurudi huchukua miaka.

Toleo hili la Juni likichelewa, litakuwa la tatu. Lazima litoke kabla mwezi haujaisha. Mei kamati iliidhinisha jina la Virginia Waiyego, mwandishi akakubali, kurasa zikapangwa. Mchapishaji anazisubiri Jumatatu, yaani keshokutwa. Toleo lina makala tano, idadi ya chini inayokubalika, na hakuna ya akiba. Safari ya leo ilikuwa ya kufunga mlango tu, kumsomea Mama Waiyego kazi ikiwa na jina lake na kumuuliza kama ameridhika.

Namalwa anafungua ukurasa wa ushahidi.

"Mama mkwe wake," anasoma, "aliapa kwamba Virginia Waiyego hakuwahi kuolewa na mwanawe."

Blanketi linasogea. Kikongwe amefumbua macho, na macho yenyewe hayana usingizi hata chembe. Anasema jambo kwa Kikuyu. Mama Waiyego anamjibu kwa neno moja. Kikongwe anarudia, kwa sauti zaidi.

Kinyozi hajinyoi. Namalwa, aliyekula mkate wa lugha miaka kumi na minne, hajui Kikuyu zaidi ya salamu. Anaangalia huku na huku.

"Cucu anasemaje?" anauliza, kwa neno la Kikuyu la bibi.

"Anauliza hapo ni nani."

"Mwambie ni yeye."

"Anajua ni yeye. Anauliza mbona jina yake haiko."

Ni vyema kueleza jinsi wanawake hawa wawili walivyofika kwenye moto mmoja. Baada ya kesi, mtoto mmoja wa kikongwe aliuza sehemu yake ya ardhi akahamia Nakuru. Mwingine alifariki. Mama yao alibaki peke yake ng'ambo ya ua, hadi alipoanguka na kuvunjika nyonga. Mama Waiyego alimsikia akilia, akaruka ua, akambeba. Tangu siku hiyo yuko hapa. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Viazi viliiva, vikaliwa, vikapandwa vingine. Kesi haikutajwa tena ndani ya nyumba hiyo mpaka Namalwa alipokuja na makaratasi yake Novemba, na hata siku ile kikongwe alikaa kimya.

Leo anataka kusema. Namalwa anaweka kurasa chini na kuvuta kigoda karibu.

"Mama Waiyego, nisaidie. Usiniambie 'anasema'. Ongea vile anaongea, kama ni wewe. Mkalimani husema 'mimi'."

Mama Waiyego anacheka kidogo. "Niseme mimi? Na ni yeye?"

"Ndiyo. Neno yake isipotee njiani."

Kikongwe anaanza, polepole, akiutazama moto. Mkaza mwana wake anamfuata, akiwa bado na kiazi mkononi, kwa sauti ya mtu anayesoma Biblia kanisani bila kujua mstari unaofuata.

"Mimi ni Wangari. Mimi nilienda Eldoret kortini. Nilishika Biblia." Anangoja. "Mimi nilisema huyu mwanamke hajaolewa na mtoto wangu. Mimi nilisema ni..."

Kikongwe anarudia neno lile, kwa upole.

"Nilisema ni kibarua," anamalizia Mama Waiyego. "Ilikuwa uongo. Mbuzi ilichinjwa. Mimi nilikula hiyo mbuzi."

Kisu kimesimama juu ya kiazi. Nje ng'ombe wa jirani analia, na hakuna anayegeuka. Kisha Mama Waiyego anainama na kumwambia mama mkwe wake jambo kwa Kikuyu, fupi, na kikongwe anatoa sentensi nyingine.

"Nimemwambia arudie," anaeleza. "Nilitaka kusikia mara ya pili." Anavuta pumzi. "Mimi nilikula hiyo mbuzi. Huyu ni bibi ya mtoto wangu."

Namalwa anasema katika miaka yake yote ya kortini hajawahi kuona mkalimani akivaa nafsi iliyomkaa vibaya kiasi kile, wala aliyeivaa kwa unyoofu kiasi kile. Wakati huo mwenyewe alikuwa akiitazama sakafu.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ingawa hii ya Timboroa imetembewa miaka kumi. Namalwa, ambaye ni mwanasheria hata akiwa kwenye kigoda, anamweleza kikongwe kwamba kusema uongo chini ya kiapo ni kosa, na kwamba jina likichapishwa mtu anaweza kulifuata.

Jibu linapita kwa Mama Waiyego. "Waje na gari. Siwezi kutembea."

Anamuuliza kwa nini basi anataka jina lake liwekwe, iwapo makala inamficha vizuri. Kikongwe anaongea kwa muda mrefu safari hii. Mama Waiyego anatulia kwanza, anayapanga maneno, ndipo anayatoa.

"Mkiandika 'mama mkwe', watu watafikiria mama mkwe yeyote. Hii Timboroa iko na mama wakwe wazuri. Wengine wamekufa, hawawezi kujitetea. Mbona wabebe uongo yangu? Tena kuna msichana amebeba jina yangu. Ako na watoto sasa. Nataka abebe hiyo jina akijua ilifanya nini, na akijua ilirudi ikasema ukweli."

Namalwa anaeleza kuhusu Jumatatu. Anaeleza kuhusu kamati, ambayo ingebidi iidhinishe jina hili nalo, na ambayo haitakaa tena hadi Alhamisi ya kwanza ya Julai. Anaeleza kuhusu orodha, kadiri orodha ya majarida inavyoweza kuelezwa kwenye moshi wa kuni. Kisha anatoa pendekezo lake, na anakiri baadaye kwamba alilitoa kwa moyo mwepesi, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Makala itoke sasa ikiwa na "mama mkwe". Toleo la Disemba litachapisha maelezo mafupi yenye jina la Cucu na maneno yake.

Kikongwe anasikiliza hadi mwisho. Anatoa mkono mmoja kwenye blanketi, anaupasha moto, anaurudisha.

"Hiyo Disemba ni yenu," anasema Mama Waiyego. "Mimi sina toleo ya Disemba."

Anaukuna mguu wake kwa mpini wa kisu, kisha anaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Hapo ni yeye amesema. Si mimi."

Namalwa anatoka nje kutafuta mtandao, ambao Timboroa hupatikana karibu na choo. Anampigia mwenyekiti wa bodi, Profesa Gichuru, mstaafu anayelipenda jarida hili kuliko pensheni yake. Anaweka simu kwenye spika ili aweze kuandika, na mazungumzo yanasikika hadi kwenye ua.

"Namalwa, tafadhali. Hii ni ya tatu. Wakitutoa kwa list, mimi sitaishi kuona tukirudi."

"Najua, Prof."

"Si uweke 'mama mkwe' tu? Nani atalalamika?"

"Mama mkwe."

Profesa anashusha pumzi. Namalwa anamweleza yaliyosemwa jikoni, neno kwa neno, na bila kukusudia anayaeleza kwa nafsi ya kwanza. Profesa Gichuru alizaliwa katika kijiji cha mbuzi wa namna hiyo.

"Hiyo mbuzi alikula?" anauliza.

"Alikula. Amesema mara mbili."

"Sikio ama paja?" Kwenye ngurario kila mtu ana kipande chake.

"Sikuuliza, Prof."

"Uliza." Anakohoa. "Hiyo haiwezi kuwa maelezo mafupi ya Disemba. Lakini sikuambii uchelewe. Uamuzi ni wa mhariri, na lawama pia ni ya mhariri. Unanisikia?"

"Nakusikia."

Anakata simu na kusimama pale kwa dakika chache, viatu vikiwa vimelowa umande. Kazi yake ya miaka tisa iko ndani ya kabati moja juu ya agroveti. Huenda ikabaki humo. Akiulizwa baadaye kama aliogopa, anasema aliogopa sana, na kwamba bado.

"Kortini shahidi akiomba kurekebisha ushahidi wake, hakimu haangalii saa," anasema. "Anasema, haya, sema. Mimi nimewafuata watu hadi jikoni nikiwaambia maneno ni yao. Sasa mmoja ameamini."

Kuhusu mipango yake, anataja machache. Jumatatu atamwambia mchapishaji asubiri. Ataandikia wenye orodha kabla hawajamwandikia, aeleze kilichotokea, aombe wamsikilize. Hana hakika kama watamsikiliza. Dkt. Odera itabidi aandike upya sehemu ya ushahidi, kwa kuwa sasa ana shahidi ambaye korti haikumpata. Na Alhamisi ya kwanza ya Julai anataka Cucu Wangari aonane na kamati ana kwa ana, ili wasije wakasema maneno yametungwa na mhariri. Atakodi gari. Atambeba mwenyewe hadi ghorofani ikibidi.

Anarudi jikoni na kuyasema haya. Kikongwe anaelezwa. Anauliza kama huko Eldoret kutakuwa na chai, anaambiwa itakuwepo, naye anafumba macho tena, safari hii ili alale.

Namalwa anaokota kurasa zake. Anatafuta mstari wa "mama mkwe wake", anaupiga kalamu, na juu yake anaandika Wangari. Ni jina lile lile aliloliweka mahali pabaya Novemba. Analitazama kidogo.

"Shida ni moja," anasema. "Hiyo kamati haina Mkikuyu. Watataka mkalimani, na mimi siwezi."

Mama Waiyego ameshaanza kumenya kiazi kingine.

"Si nitaenda na yeye," anasema. "Hayo maneno tayari nayajua."